Kiswahili Chini ya Mstari Mwekundu

Walimu wenzetu wa Kiingereza wametushinda, na afadhali tukiri mapema. Mmoja wao, anayefundisha katika shule moja ya mjini Mbarara, aliona kompyuta ya chumba cha walimu ikipiga mstari mwekundu chini ya neno “colour” kila alipoliandika. Hakuvumilia. Alisema kwamba mtoto wa Uganda hufundishwa na kutahiniwa kwa tahajia ya Uingereza, na kwamba haiwezekani mashine iliyonunuliwa kwa karo za wazazi wa Ankole imfundishe mtoto huyo tahajia ya Marekani. Akaketi, akafungua kiolezo, yaani ile karatasi tupu ambayo programu ya kuandikia humpa kila mtu anapoanza waraka mpya, akabadilisha lugha yake kutoka Kiingereza cha Marekani kuwa Kiingereza cha Uingereza, akahifadhi. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na yote hayo kwa ajili ya herufi moja.

Nasi tulikuwamo chumbani mle. Sisi hatukuwa na neno moja lililopigiwa mstari. Tulikuwa na ukurasa mzima. Kuanzia kichwa cha habari hadi jina la mwandishi Kiswahili chote kilikuwa kikivuja damu, isipokuwa maneno machache kama “pole”, “wake”, “pale” na “mate”, ambayo yalisalimika kwa bahati tu ya kufanana na maneno ya Kiingereza. Je, tulifanya nini? Tulimwita kijana anayejua mitambo akatuzimia ukaguzi wa tahajia. Mstari ukatoweka, tukamshukuru, tukaendelea na kazi. Hayo ndiyo matibabu tuliyoyachagua: mgonjwa analia maumivu, nasi tunamziba mdomo.

Makala haya yanapinga matibabu hayo. Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu wataona jambo lenyewe ni dogo mno kupewa kurasa za jarida hili. Tunawaomba wavumilie hadi tufike Nakivale.

Waliotutangulia katika kazi hii walipiga mitihani yao kwa taipureta na kuitoa nakala kwa karatasi za stensili. Taipureta ilikuwa na dhiki zake nyingi, lakini ilikuwa na adabu moja kubwa: haikuwa na maoni. Ukigonga M ilitoa M. Ukikosea, kosa lilikuwa lako, na ukipatia, sifa ilikuwa yako. Programu ya kuandikia ina maoni, nayo huyatoa kwa kufuata lugha iliyoambiwa kuwa ndiyo lugha ya waraka. Kila fungu la maneno, na hata neno moja moja, hubeba lebo isiyoonekana inayotaja lugha yake. Lebo hiyo haikai katika mashine peke yake. Imo ndani ya faili, na husafiri nalo. Faili likitoka Mbarara likaenda Isingiro, likavuka mpaka likafika Bukavu, lebo nayo inakwenda. Na chimbuko la lebo hiyo, mara nyingi, ni kiolezo. Kiolezo kikiwa kimeandikishwa Kiingereza cha Marekani, basi hata ukitunga humo utenzi wa beti mia, mashine itaendelea kuamini kwamba hicho ni Kiingereza cha Marekani kilichoandikwa na mtu asiyejua kuandika.

Hapo ndipo walio wengi hukosea. Wanadhani kwamba wakiuzima mstari mwekundu wamebadilisha lugha. Hawakubadilisha kitu. Wamefumba macho tu, na mashine inaendelea kufanya kazi yake gizani.

Sasa twende Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea waliotoka Rwanda, na leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara. Wamekuja baadaye Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na zaidi ya wote Wakongo. Mtu akishuka sokoni pale hahitaji kuuliza ni lugha gani inayouza mihogo na vitenge. Kiswahili hakikupelekwa Nakivale na Wizara wala na chama chetu. Kimekuja mdomoni mwa watu, pamoja na sufuria na magodoro yao.

Muhula mmoja tulitayarisha zoezi la kusoma kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha kwanza huko. Tuliliandika kwa mkono, tukalipeleka kwa mpiga chapa mjini Mbarara, akalipiga vizuri, kwa herufi safi, katika kompyuta ambayo ukaguzi wake wa tahajia ulikuwa umezimwa zamani. Sentensi ya kwanza ya maagizo ilikuwa hii: “Mkae wawili wawili, kisha msome kifungu kwa zamu.” Karatasi zilipogawiwa darasani zilisomeka hivi: “Make wawili wawili, kisha msome kifungu kwa zamu.”

Mpiga chapa hakukosea. Aliandika “Mkae” kama tulivyoandika sisi. Lakini programu ile ina orodha ya makosa ambayo waandishi wa Kiingereza huyafanya kwa haraka ya vidole, na “mkae” ni mojawapo: Mwingereza aliyekusudia “make” akatanguliza k hujikuta ameandika “mkae”. Mashine, ikiwa na hakika kwamba inasoma Kiingereza, humrekebishia bila kumwuliza na bila kupiga mstari wowote. Nasi hatukuona, kwa sababu ile alama ambayo ingetushtua tulikuwa tumeiondoa wenyewe.

Msichana mmoja Mkongo aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, make ni kitu gani?” Kabla hatujajibu, kijana wa nyuma akasema, “Ni kutengeneza. Tutengeneze bantu babili babili.” Darasa likacheka, nasi tukacheka, kisha tukawaambia wasahihishe kwa kalamu. Tungeliyasahau hayo yote kama si jambo lililotokea wiki kadhaa baadaye. Tulikuwa tukisahihisha insha, tukafika kwenye daftari la msichana yule yule, tukakuta ameandika kwamba mama yake aliwaambia wadogo zake “make chini”. Alikuwa ameandika kwanza “mkae”, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake “make”. Neno alilozaliwa nalo, neno ambalo mama yake hulitamka kila jioni, alikuwa amelifuta kwa sababu karatasi iliyopigwa chapa ilisema vingine. Tulimwuliza sababu. Akasema alidhani kwamba “mkae” ni la nyumbani na “make” ni la shule.

Tunawaomba walimu wenzetu walipime jibu hilo. Mtoto huyu hana shida ya Kiswahili. Shida yake ni kwamba kila mahali alipopita amekwisha kuambiwa kwamba lugha yake si ya pale: kwanza darasani, ambako mafunzo yote ni kwa Kiingereza, kisha mjini, ambako watu husema Kinyankore, na kwa bahati mbaya hata katika kipindi cha Kiswahili chenyewe, ambamo sisi tulio wengi tunacheka akisema “muzuri” na “batoto”. Mtoto kama huyo akiona chapa na mdomo wa mama yake vinapingana, ataiamini chapa. Ndiyo maana hatukubali kuambiwa kwamba mstari mwekundu ni mambo ya mafundi.

“Mkae” si neno pekee. Kiingereza huandika “i” ikiwa peke yake kwa herufi kubwa, kwa maana humo huwa ni “mimi”. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kufundisha usemi mzuri wa kale na kuandika “Nyumba i wapi?” atapata “Nyumba I wapi?”, na akirudia kuisahihisha mashine itamsahihisha tena. Tumewaona walimu watu wazima wakiacha kabisa kutumia usemi huo katika mitihani yao, wakaandika “iko wapi” ili kuepuka ugomvi. Hivyo ndivyo lugha inavyopunguzwa: hakuna aliyepiga marufuku, watu wamechoka tu. (Kuhusu jibu la tatu la maswali ya kuchagua, ambalo “(c)” yake hugeuka kuwa alama ya hakimiliki, hilo ni kero ya lugha zote na halimo katika mashtaka yetu.)

Yapo na mengine ambayo tutayapitia upesi. Tarehe inayojiandika yenyewe hufuata lugha ya waraka, na Mmarekani hutanguliza mwezi. 7/3 yetu ni tarehe 7 Machi, lakini kwake tarehe hiyo huandikwa 3/7, nasi tukaisoma kuwa Julai. Katika makazi ambamo tarehe iliyobandikwa ukutani ndiyo inayoamua ni siku gani mtu atapanga foleni, hilo si la kuchekea. Kiolezo cha Marekani huja pia na ukubwa wa karatasi wa huko, ambao ni mpana na mfupi kuliko A4 tunayoinunua madukani, na ndiyo maana mitihani yetu mara kwa mara haikai sawasawa katika karatasi, tukamlaumu mwenye duka. Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari nao hufuata kanuni za lugha iliyotajwa, na kanuni za Kiingereza hazijui kwamba “mw” na “ng'” havitenganishwi.

Kubwa zaidi ni sauti. Zipo programu zinazosoma maandishi kwa sauti, ambazo wasioona na wenye macho dhaifu huzitegemea, na ambazo sasa hutumiwa hata na watu wazima wanaojifunza kusoma. Programu hizo huchagua sauti na matamshi kwa kuitazama ile lebo. Likiwapo andiko la Kiswahili lenye lebo ya Kiingereza, msikilizaji atasomewa “mtoto” na “ng'ombe” kwa matamshi ambayo hata aliyeandika hatayatambua. Mwalimu aliyelituma faili hilo hatajua kamwe, kwa maana kwake yeye linaonekana safi.

Tumekwisha kuyasema haya mbele ya wenzetu, na tumepata majibu ya aina tatu.

La kwanza ni kwamba mstari mwekundu hauchapishwi, kwa hiyo haumdhuru mtu. Tumekwisha kulijibu kwa daftari la yule msichana.

La pili linatoka kwa watu tunaowaheshimu, wanaofanya kazi Nakivale kwenyewe. Wanasema: huko mgao wa chakula umepunguzwa, darasa moja lina watoto wasiohesabika, kompyuta zenyewe ni chache na umeme ni wa jua, nanyi mnakuja na habari za violezo? Hatuna jawabu la kejeli kwa watu hao. Njaa ni kubwa kuliko tahajia. Lakini tunawaomba waangalie gharama. Tungeomba vitabu, wangetuuliza fedha ziko wapi. Tungeomba walimu, wangetuuliza mishahara. Hili haligharimu hata shilingi moja, wala halipunguzi kikombe kimoja cha mahindi kwa mtu yeyote. Na zaidi ya hayo, kompyuta zikiwa chache ndivyo kiolezo kinavyozidi kuwa na nguvu, kwa kuwa karatasi za shule nzima, na matangazo ya kijiji kizima, hutoka katika mashine moja. Pale penye mashine mia kosa la mmoja hupotea. Penye mashine moja, kosa lake ndilo sheria.

La tatu ndilo linalotukera. Wapo walimu wa Kiswahili, wenye vyeti vya Kiswahili, wanaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya ofisi nchini Uganda na kwa hiyo ni haki kompyuta ianze kwa Kiingereza. Tunawauliza: ofisi gani? Katiba ya nchi hii ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kiwe mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya, na UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na mwezi huo huo Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Serikali imesema, Jumuiya imesema, dunia imesema. Aliyebaki kusema ni mwalimu wa Kiswahili, na kiolezo chake kinasema Kiingereza.

Tunaelewa mizizi ya woga huu. Kwa wazee wengi wa Mbarara Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Mji huu ulipigwa mwaka 1972 na tena mwaka 1979, na Kiswahili kilisikika kwa askari wa pande zote mbili. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa halikukiongezea wapenzi. Kabla ya hapo, Gavana Gowers alipojaribu kukieneza mashuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Buganda ilikataa, na Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga. Mtu aliyelelewa katika historia hiyo anaweza kusamehewa akiogopa lugha hii. Mwalimu anayelipwa kwa kuifundisha hasamehewi.

Sasa tufike kwenye swali gumu, ambalo tungependa wanachama walijadili kwa moto zaidi kuliko yote tuliyokwisha kusema. Tukikubali kwamba kiolezo kiseme Kiswahili, kiseme Kiswahili kipi?

Watu wa mitambo hawaitaji lugha peke yake. Huitaja pamoja na nchi. Katika jedwali la namba za lugha ambalo kampuni ya Microsoft ililitumia kwa miaka mingi, Kiingereza kilipewa nafasi zaidi ya 15: Uingereza, Marekani, Australia, Kanada, Jamaika, Belize, Trinidad na Tobago, Singapore na nyinginezo, na katika Afrika walipewa Afrika Kusini na Zimbabwe. Kiswahili kilipewa nafasi moja tu, nayo ikaandikwa Kenya. Hatuna ugomvi na Wakenya. Lakini aliyeketi kulipanga jedwali lile aliona kwamba watu wachache wa Belize wanastahili Kiingereza chao, na kwamba Dar es Salaam, Unguja, Bujumbura, Goma na Lubumbashi zote zinaweza kukaa chini ya mwavuli mmoja. Siku hizi hali imekuwa bora. Hazina ya taarifa za lugha inayotunzwa na shirika la Unicode, ambayo programu nyingi huitegemea, inakitambua Kiswahili cha nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo ile lebo, ambayo ni herufi sw ikifuatwa na herufi mbili za nchi, inaweza kuwa na UG mwishoni. Watu wasiotufahamu wametuandalia kiti, nasi tumesimama mlangoni.

Wenzetu wengine wanasema tuchague Tanzania, kwa kuwa Sanifu ni yao. Hoja hiyo ina uzito wa kiutendaji, kwani faharasa ya maneno ya Kiswahili inayogawiwa bure pamoja na LibreOffice imeandikishwa kwa jina la Tanzania. Tena hatusahau kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoshiriki mwaka 2004 kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema na watu kwa Kiswahili, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunabishana kama neno liwe kompyuta au tarakilishi. Lakini kusema kwamba Sanifu ni ya Watanzania ni kutojua historia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Zanzibar na Uganda. Kuanzia mwaka 1952, kwa miaka kadhaa, ofisi ya Kamati hiyo ilikuwa Makerere. Mganda anayekiita Kiswahili kitu cha wageni hajui kwamba mafaili ya Sanifu yalikwisha kulala Kampala.

Aliyekosekana katika meza ile ni Mkongo. Hakuulizwa mwaka 1928 wala mwaka 1930. Leo tunampokea Nakivale, tunafungua kiolezo cha Sanifu mbele yake, na “muzuri” wake, “bantu” wake na “iko” yake vinapigiwa mstari, safari hii kwa jina la Kiswahili. Wapo wanaotumia jambo hilo kutupinga: mmeondoa mstari wa Kiingereza mkauweka wa Kiunguja, faida ni nini? Tunakubali kwamba hoja hiyo inauma. Hata Sanifu yenyewe hupigiwa mistari isiyostahili, kwa maana mzizi mmoja wa kitenzi cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno, na hakuna faharasa ya maneno inayoyamaliza. “Wasipotusomea” ni neno halali, lakini msishangae mashine ikilikataa.

Hata hivyo mistari hiyo miwili si sawa. Ule wa kwanza humwambia mtoto, “Hii si lugha.” Wa pili humwambia, “Hii si tahajia ya mtihani.” La kwanza ni uongo, na mwalimu hana la kufanya nalo ila kuliondoa. La pili ni mwanzo wa somo. Mwalimu anaweza kusimama pale na kueleza kwamba “muzuri” na “mzuri” ni ndugu, kwamba mmoja amebaki na u yake na mwingine ameiacha njiani, na kwamba mtihani wa Uganda unamtaka wa pili ilhali mama nyumbani anaendelea na wa kwanza. Na neno asilotaka lipigiwe mstari anaweza kuliongeza katika kamusi ya mashine yake mwenyewe, jambo ambalo ni la kubonyeza mara moja. Tungefurahi kuona kamusi za namna hiyo zikikusanywa Nakivale na walimu Wakongo wenyewe, si na sisi kwa niaba yao.

Kwa maoni yetu, basi, chama kichague Kiswahili cha Uganda kila mahali orodha inapokitaja. Isipokitaja, kiwe cha Tanzania au cha Kenya, lolote litakalopatikana, bila ugomvi. Anayeandikia darasa la Wakongo na akaiona Kongo katika orodha, aichague bila kuomba ruhusa ya mtu.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Fungua karatasi tupu. Nenda mahali programu inapochagua lugha ya ukaguzi, chagua Kiswahili, na kabla ya kufunga bonyeza kile kitufe kinachosema kwamba uchaguzi huo uwe wa kawaida kwa nyaraka zote mpya. Hakikisha kwamba kisanduku cha kuamuru tahajia isikaguliwe hakina alama. Weka karatasi ya A4. Kwa ajili ya maagizo ya Kiingereza, yakiwapo, tengeneza mtindo wake peke yake na uupe Kiingereza cha Uingereza, ili “colour” ya jirani yetu nayo ibaki salama. Kisha lihifadhi faili hilo kama kiolezo, si kama waraka.

Tunatoa tahadhari mbili kwa wanaoharakisha. Kiolezo kipya hakiponyi nyaraka za zamani. Kila faili uliloliandika kabla ya leo linabaki na lebo yake, na ni lazima ulifungue, uchague maandishi yote, uyaandikishe upya. Na maneno yanayonakiliwa kutoka waraka mwingine mara nyingi huja na lebo yake ya huko yalikotoka, kwa hiyo mtihani mmoja unaweza kuwa na Kiswahili katika swali la kwanza na Kiingereza cha Marekani katika swali la nne, na macho yasione tofauti yoyote.

Sisi tumekwisha kuanza. Kiolezo tulichokitengeneza kimo katika kidude kidogo cha kuhifadhia mafaili, tunachokibeba mfukoni, na tumempelekea yule mpiga chapa wa Mbarara, ambaye alikiweka katika mashine zake mbili akatuomba tumfanyie na cha Kinyankore, kwa sababu naye mahubiri ya kanisani kwake huyapiga yakiwa mekundu tupu. Hilo lazima lifanywe na walimu wa Kinyankore, nasi tumekwisha kuwaandikia. Zoezi la “Mkae wawili wawili” limepigwa upya na kupelekwa Nakivale. Yule msichana alipewa nakala yake mkononi, akaisoma sentensi ya kwanza kimya, akaisoma tena kwa sauti, kisha akalifungua daftari lake kwenye ile insha na kutuazima kalamu.